Mama Pampu, Mende wa Jikoni na Mchwa wa Darini

Asubuhi, ukungu ungali umelalia mabati, mwanamke mwenye ovaroli ya buluu anaegemeza sikio kwenye fremu ya mlango na kufumba macho. Anayempita barabarani atadhani anasinzia.

"Nyamazeni kidogo," anawanong'oneza wenye nyumba. "Mchwa wako mezani."

Mtaani anaitwa Mama Pampu, kwa pampu ya dawa isiyombanduka mgongoni. Anaua wadudu majumbani, kazi aliyoishika baada ya mumewe kuanza kusumbuliwa na kifua.

Wengi humwita kwa ajili ya mende. "Mende hana siri," anasema akicheka. "Washa taa uone, kila mmoja na lwake! Mchwa ni mpole. Anakula ndani, nje anakuachia rangi yako nzuri."

Mjane mmoja, fundi cherehani, alimwita kwa mende wa jikoni. Alipokuwa akipita chumbani, Mama Pampu aligonga nguzo iliyobeba boriti. Ikaitika kama debe tupu.

"Dada, usilale humu leo."

"Nimekuita kwa mende, wewe unanihamisha kwangu?"

"Njoo ulale kwangu. Kesho unitukane vizuri."

Fundi alikwenda shingo upande, cherehani kaikumbatia kama mtoto mgonjwa. Mvua ikanyesha. Kulipokucha walikuta boriti imelala kitandani, vumbi laini likielea kwenye mwanga.

"Tulikaa kizingitini tukalia," fundi anakumbuka. "Kisha huyu akaniuliza, 'Na wale mende je?' Nikacheka mpaka mbavu zikauma."

Alikaa kwa Mama Pampu hadi paa lilipoezekwa upya. Leo wanaitana dada, na mgeni hawezi kujua kwamba hawakuzaliwa tumbo moja.

Mtaalamu mmoja wa wadudu aliwahi kumweleza Mama Pampu kwamba mchwa ametoka katika ukoo wa mende. Mpaka leo jambo hilo linamzungusha kichwa.

"Ndugu wa damu! Mmoja kabaki kukimbia gizani. Mwenzake kajenga mji, ana malkia, analisha wadogo mdomo kwa mdomo. Naota niko ndani ya vile vyumba vyao, natembea tu, kuna joto, hakuna anayenifukuza."

Yeye na mumewe wana kiwanja nje ya mji, na katikati yake pana kichuguu. Mume anataka kisawazishwe.

"Nimemwambia kitabaki," anasema, macho yakiwa mbali. "Tutajenga pembeni, kwa matofali na chuma. Mvua za kwanza zikija, nitakaa barazani niwatazame kumbikumbi wakitoka."