Mchina aliondoka Lodwar, lakini mguu wake ulibaki kwetu

Ejok wakuu.

Mimi shule niliacha darasa la pili, lakini nyumba za kupangisha hapa Nawoitorong, Lodwar, nimejenga na jasho yangu. Sina sababu ya kudanganya mtu.

Na nyayo nasoma kuliko nyinyi mnavyosoma simu. Mbuzi, ngamia, mwizi, mchanga unaniambia.

Nilikuwa na mpangaji Mchina, Liu, fundi wa barabara. Kila alfajiri anazunguka duara nyuma ya nyumba, pole pole, magoti amekunja, mikono kama anasukuma mlango. Mguu wa kushoto anaburuta. Lakini akienda sokoni anatembea sawa!

Nikamuuliza, "Wewe unaigiza kiwete?"

Akasema hiyo ni kungfu ya ukoo wa walimu wake. Mmoja wa zamani alivunjika huo mguu. Wanafunzi wakamwiga mzima mzima, na kuchechemea pia. Hakuna aliyethubutu kupunguza kitu.

"Mzee, sisi hatutembei. Tunafuata."

Nilicheka. Mturkana afundishwe kupigana na mtu hana hata fimbo?

Binti yangu Akai hakucheka. Anauza samaki kavu Kakuma, na alikuwa amenyang'anywa mzigo njiani. Kila akija nyumbani alijifunza, mpaka Liu akarudi kwao.

Juzi nikaenda Kakuma kumwona Akai. Jirani yake, mama wa South Sudan, akanivuta kando.

"Mzee, binti yako alianguka? Mbona anachechemea?"

Hakuanguka. Asubuhi nikamwangalia akizunguka duara lake, peke yake. Alipomaliza nikainama.

Nyayo zilikuwa za watu wawili.

Zake, na za mguu mkubwa mbele yake. Zote zinaburuta kushoto. Za Liu nazijua, hizi si zake. Na hakuna pahali zimeingilia wala kutokea.

"Akai, nani anatembea mbele yako?"

"Apa, baba yangu, simwoni. Lakini nikisimama, anasimama kuningoja."

Nikamwambia aache. Akasema hawezi kumwacha amesimama hapo.

Wakuu, nilishikwa na hasira. Nikaingia kwa lile duara, nikakanyaga zile nyayo moja moja, nikizunguka, mpaka zikafutika zote.

Hapo ndipo nilikosea. Kuzunguka juu ya nyayo za mtu ni kumfuata.

Nimerudi Lodwar. Leo nimesoma nyayo zangu mwenyewe, kutoka mlangoni mpaka kwa geti.

Kushoto inaburuta. Na mguu hauniumi hata kidogo.

Nilichojifunza: kitu cha ukoo wa mtu usikichukue, na usikikanyage, kama hujui kinakuja na nani.

Wa kucheka acheke. Lakini kama kuna mtu hapa anajua hiyo staili, aandike. Historia sitaki. Aniambie tu huyo wa mbele anampeleka binti yangu wapi.