Siku Niliyomfukuza Pacha Wangu kwa Sababu ya Kioo

Mwanangu, nakumbuka vizuri siku niliyomwambia pacha wangu Doto arudi nyumbani Misungwi. Tulikuwa mabinti, tukijifunza kukata vioo Mkuyuni kwa baba mdogo. Mimi, Kulwa, nilikuwa na haraka na ulimi mkali. Doto alikuwa mpole. Mteja akimfokea, yeye anatabasamu. Nikamwona mzigo.

Asubuhi hiyo kioo cha dirisha la kanisa kilinipasukia. Nilikuwa nimepitisha kikatio mara mbili kwenye mstari mmoja, jambo ambalo fundi vioo hukatazwa siku ya kwanza kabisa. Nikasema Doto ameitikisa meza, na kwamba hafai kazi hii, aende zake. Hakubisha. Akakunja nguo zake akaondoka.

Baba mdogo aliona yote. Hakunipiga, na ni afadhali angenipiga. Alikuwa akihangaika na kufuli la stoo lililokwama. Akakwangua ile sehemu nyeusi ya penseli, akaingiza unga wake kwenye tundu, ufunguo ukazunguka. Kisha akanionyesha kikatio chenye ncha ya almasi. Alipenda sana kemia tangu sekondari, huyo mzee.

"Kulwa, almasi hii na unga huu vina undugu gani?"

"Havina, baba. Huo ni uchafu tu."

"Vyote asili yake ni kaboni, mama. Kwenye almasi chembe zimeshikana kila upande, ndiyo maana inakata kioo. Kwenye penseli zimelala tabaka kwa tabaka, zinateleza. Sasa nifungulie kufuli kwa almasi, nione."

Nikakimbia hadi stendi, kandambili moja ikabaki njiani. Doto alikuwa ameshakaa ndani ya basi.

"Nimevunja mimi!" nililia mbele za watu. "Shuka, Doto, nakuomba."

"Najua," alisema, akicheka na machozi yakimtoka. "Hata karibu na meza sikuwepo."

Tulifanya kazi pamoja hadi uzeeni. Wateja waliokasirika nilimwachia yeye.

Basi mwanangu, ndugu yako asipofanana nawe, usidhani ameumbwa kwa kitu duni. Mpe kazi inayomfaa. Na ukikosea, sema umekosea siku hiyohiyo, kabla hajafika mbali. Doto wangu ametangulia, na sasa kila mtu ananiita bibi. Mungu akuzeeshe salama, mwanangu, na akubakizie mtu wa kukuita kwa jina lako.