Abdullatif kwenye Sinia la Pilau

Jirani yangu Ashura aliniambia kwamba Abdullatif, anayemposa mdogo wangu Mina, siku hizi ni mtu mkubwa Dar, kazi yake kula hotelini tu. Basi Jumamosi Abdullatif alitualika chakula cha mchana kwenye mgahawa mmoja hapa Zinga: Mina, mimi na mwanangu mchanga, na shangazi yetu Bi Kuruthumu, ambaye ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya posa.

Tulipofika hakumwamkia shangazi, maana alikuwa anamfokea mhudumu. "Wewe, mbona hamleti? Huyo ng'ombe ndiyo kwanza mnamchinja?"

Pilau ilipokuja kwenye sinia, akatia mkono kabla shangazi hajanawa. Sisi tumefundishwa tangu utotoni kwamba kwenye sinia kila mtu anakula mbele yake. Mkono wa bwana huyu ukavuka sinia zima, ukachukua mnofu uliokuwa mbele ya shangazi.

"Na huu hapa, baba, usiuache," shangazi akamsogezea mfupa.

Mina akaficha uso kwenye mtandio. Abdullatif akaupokea, akashukuru, akaunyonya kwa sauti. Nikamtazama mwanangu, ambaye hata meno hana, nikaona ana adabu kumshinda, maana yeye akishiba hugeuza uso.

Shangazi alikula matonge matatu, akanawa, akatoka nje. Ndipo Abdullatif akaniinamia, kidevu kinang'aa mafuta.

"Shemeji, naona shangazi kanipenda. Hebu niulizie, mahari nilete lini?"