Safari ya Kumpima Achieng

Niliondoka Kisumu kwa sababu ya mtoto wa kilo moja na gramu mia tisa. Jina lake Achieng. Alizaliwa kabla ya wakati wake, na mimi ndiye niliyemtetea mama yake, Akinyi, mpaka wodi ikakubali waende nyumbani. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa mwisho, mzee wa kutosha kuwazaa wenzangu wote. Kabla ya hapo nilipiga deki wodi hiyohiyo mchana, na jioni nikasoma darasa la watu wazima kule Manyatta. Siku cheti cha darasa hilo kilipotoka nilipiga kelele za furaha hadi samaki ziwani wakageuka kutazama. Basi cheti kikanipa mdomo. Nikamwambia sista mkuu kwamba Akinyi ameshajua kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, na kwamba nyumbani ana wengine wawili wanaomlilia. Akamruhusu. Wiki mbili zilipopita, mdomo ukanyamaza, moyo ukaanza kuuliza maswali.

Mkufunzi wetu, Madam Auma, alikuwa na desturi yake: kila mwanafunzi lazima amfuate mgonjwa mmoja hadi kwake, akaandike ripoti.

"Ugonjwa unaweza kuuacha hapa wodini," alituambia. "Mtu huwezi. Mtu ana nyumba, ana moshi wa jikoni, ana mume. Nenda uone kama ulichomfundisha kinapita kwenye mlango wa hiyo nyumba."

Shule ilikuwa na mizani moja tu ya kubeba, na mwenzangu alikuwa ameenda nayo Bondo. Madam akaniambia nitaazima ya zahanati ya Kendu Bay, karibu na kwa Akinyi. Halafu akainua kidole. "Akiwa chini ya kilo mbili, Omondi, urudi naye."

Saa mbili asubuhi, bandarini. Nilipanda meli ya kwenda Kendu Bay nikiwa na kipimajoto, fomu za ripoti, na kitabu cha uuguzi kizito kiasi kwamba naamini meli iliinama upande wangu. Miaka hiyo magugumaji ndiyo kwanza yalikuwa yameanza kulivamia ziwa, na meli ilijipenyeza kama mtu anayepita katikati ya umati na sahani ya chakula. Mama mmoja aliyeketi na kuku wake aliniuliza kazi yangu.

"Mimi ni muuguzi, Mama."

"Yaani sista? Mwanamume mzima hivi?" Akamtazama kuku kama anayetaka ushahidi. "Na ile kofia nyeupe unavaa?"

"Walikosa ya ukubwa wa kichwa changu."

Alicheka mpaka tukafika.

Adhuhuri, Kendu Bay. Zahanati ilikuwa imefungwa. Jirani akanieleza kwamba mhudumu amekwenda matangani na funguo ziko mfukoni mwake. Sikuwa na la kufanya ila kufuata ufuo kwa miguu. Nilitembea maili mia moja. Wenyeji wanasema ni nne, lakini wao hawakuwa wamebeba kitabu changu.

Saa nane mchana, nyumbani kwa Akinyi. Yeye alikuwa anaanika omena, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu. Mumewe Ouma, mvuvi mwenye mabega ya kubeba mlango, alikuwa ameketi kivulini. Jua lilikuwa la kukaanga yai juu ya jiwe, na Ouma alikuwa amevaa sweta zito la sufu. Aliponiona akanigeuzia mgongo upesi.

"Geuka, Ouma," Akinyi akasema huku akicheka. "Ni yule daktari wetu wa wodi."

Akageuka polepole. Sweta likasogea lenyewe. Kwenye ukosi kikatokea kichwa kidogo chenye nywele zilizolowa jasho, kikapiga chafya.

"Mimi hukaa naye mchana, huyu akifanya kazi," Ouma akaninong'oneza. "Lakini daktari, hiyo usiandike. Wanaume wa ufuoni wakisikia, watasema nitaanza kunyonyesha."

"Mimi naitwa sista mwaka wa tatu sasa, na bado nakula ugali," nikamjibu.

Nilinawa mikono, nikampima Achieng joto, nikahesabu anavyopumua, nikamtazama akinyonya. Ngozi nzuri, macho yanafuata uso. Lakini fomu ilitaka nambari, na Madam Auma alikuwa ameinua kidole. Bila kilo mbili, mtoto huyu alikuwa anarudi mjini, na wale wawili wangebaki na baba anayetakiwa ziwani.

"Mizani?" Ouma akasema. "Ufuoni iko. Ya kupimia mbuta."

Saa tisa, ufuoni. Mizani ilining'inia kwenye miti mitatu iliyofungwa pamoja, karibu na gari la barafu la mnunuzi wa samaki. Chini yake alilala mbuta, samaki mkubwa kama mwalimu mkuu wa shule yangu ya msingi, na mwenye hasira zilezile. Mnunuzi hakuwa na neno. Tukaifuta ndoano, nikamfunga Achieng ndani ya leso safi, nikamtundika, viganja vyangu chini yake. Mshale ukatetemeka, ukasimama.

Kilo moja na gramu mia nane.

Nikasoma mara mbili, nikamtoa kwenye leso na kumrudisha kwa mama yake. Amepungua. Na hapo nikasema maneno ambayo hadi leo ningependa kuyarudisha kinywani: "Akinyi, maziwa yako hayatoshi. Tunarudi Kisumu."

Akinyi alivuta leso yake akafunika kifua, akatazama chini.

Ouma ndiye aliyesogea mbele, pale pale mbele ya wavuvi wenzake. "Usimlaumu huyu. Mchana mimi ndiye ninambeba, ndani ya sweta. Labda namwekea joto mingi. Kosa ni langu."

Nilingoja kicheko. Hakuna mwanamume aliyecheka.

Ila mama mmoja mchuuzi wa samaki, Mama Awuor, aliweka karai lake chini. "Daktari, wewe ulisomea wapi? Hiyo mizani inakula."

"Inakula nini?"

"Nusu kilo! Mtu yeyote hapa anajua. Tunanyamaza tu kwa sababu gari la barafu ni moja." Akatoa kikapuni pakiti ya unga, kilo mbili, haijafunguliwa, akaitundika kwa leso ile ile. Mshale ukasimama kwenye kilo moja na nusu.

Yawa! Kelele zilizotoka hapo nadhani zilisikika Uganda.

"Samaki tumekuachia," mzee mmoja akamwambia mnunuzi. "Sasa hata mtoto unamkata?"

"Mizani ni ya kampuni, mimi nimeandikwa tu," mnunuzi akajitetea, akitafuta bisibisi chini ya kiti cha gari.

"Basi kampuni irudishe nusu kilo ya mtoto wa Ouma!"

Nikahesabu kwa vidole, kisha kwa kijiti mchangani, kisha nikamwomba Mama Awuor naye ahesabu. Kilo mbili na gramu mia tatu. Ouma akamchukua Achieng, akamrudisha ndani ya sweta mchana kweupe, akapita katikati ya wavuvi kichwa juu. "Andika," akaniambia alipofika kwangu. "Andika yote."

Kesho yake asubuhi, gatini. Akinyi alinisindikiza, mtoto kifuani. Nilikuwa nimeomba msamaha mara tatu usiku ule, nikaomba ya nne.

"Nilikuwa najua amekuwa mzito," akasema. "Mkono wangu ulikuwa unajua, hata mgongo unajua."

"Sasa mbona hukuniambia, Akinyi?"

Akaniangalia kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mgeni. "Wewe ndiye umesoma."

Kwenye meli nilifungua fomu. Swali la kwanza kabisa, kabla ya joto, kabla ya kupumua, kabla ya uzito, liliuliza: mama anaonaje hali ya mtoto? Nilikuwa nimeliruka. Sisi sote darasani tuliliruka. Tulikuwa tukilijaza mwishoni kwa maneno mawili, ili karatasi isionekane tupu. Nikachukua kalamu nikaandika: Mama anasema ameongezeka. Mizani ikafuata chini yake, pamoja na nusu kilo iliyoliwa, na makosa yangu.

Nimefanya kazi kliniki miaka mingi tangu hapo, na nimetundika watoto wa kujaza uwanja wa mpira. Kila mara, kabla ya kuigusa ndoano, mtoto akiwa bado mikononi mwa mama yake, nauliza, "Mama, wewe unamwonaje?" Kisha nangoja. Wengine huchukua muda mrefu kujibu, maana hawajazoea kuulizwa.