Fundo Kwenye Pindo la Khanga

Ulikuwa mwaka tuliokula ugali wa yanga, ule unga wa njano unaonuka gunia. Mama alinituma kwa shangazi, mtaa wa pili hapahapa Temeke, akanifungia fundo kwenye pindo la khanga nisisahau ujumbe. Kufika, kichwa kitupu.

"Lifungue basi tusikie," shangazi akanicheka.

Mie nilidhani maneno yamo ndani, nikifungua yatapeperuka. Nikamjibu, "Sifungui mpaka nikumbuke."

Nikarudi nimenuna. Moshi wa jikoni kwetu uliponiingia puani tu, yakaja yenyewe: shangazi aje upesi, tumbo linamkata mama. Nikatimua mbio, nikiulaani ule ugali. Jioni ile akazaliwa mdogo wangu.

Sasa mjukuu wangu anasomea saikolojia chuoni, najivuna naye, lakini ananichosha. Jana kaliona fundo jipya kwenye pindo la khanga yangu, akaanza somo: maneno hayakai kwenye nguo, yapo kichwani, yanangoja kitu cha kuyaita. Kana kwamba mie sikujifunza hayo zamani, kwa ule moshi! Eti alifungue, aifue khanga. Na nililifungia nini, hata sijui, ndicho kinachoniudhi.

"Bibi, ilete hiyo khanga, bwana."

"Sifungui mpaka nikumbuke."