Kikohozi cha Mama Ukumbini

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na hadi leo uso unaniwaka. Mwingereza alikuwa bado anatutawala, nami nilikuwa kijana mpiga tarumbeta hapa Tabora, kifua mbele, najiona mimi ndiye bendi yenyewe.

Fundi wa redio alikuja na garimoshi kutoka Dar es Salaam, ana mashine ya kunasa sauti. Utepe uliobaki ulitosha wimbo mmoja tu, na jioni anaondoka. Ukumbi wetu wa matofali ulijaa wazazi, wengine wametoka vijijini kwa miguu. Tulijaribu mara moja, mashine bado haijawashwa, ikatoka vizuri. Ila mama yangu, aliyekaa mbele kabisa juu ya mkeka, alikohoa.

Nikamwinamia. "Mama, toka nje. Utatuharibia."

"Nitajibana, baba."

"Toka, mama!"

Akakunja mkeka wake. Kina mama wenzake wote wakamfuata. Wala sikuona haya, ona ujinga huo!

Basi tukajaribu tena. Lo! Kila sauti iligonga ukuta, ikarudi, ikaikanyaga iliyokuwa inakuja. Makelele matupu. Fundi akatikisa kichwa, akaanza kukusanya nyaya zake.

Mzee mwalimu wetu wa bendi akagonganisha viganja mara moja. Mwangwi ukazunguka ukumbi mzima.

"Unasikia?" akaniuliza. "Mwanzo haukuwepo. Kina mama wale na kanga zao ndio waliokuwa wanaumeza. Kamwombe mama yako radhi, umrudishe. Hilo siwezi kukufanyia mimi."

Nilimkuta juani, mkeka kwapani. Nikapiga magoti. Akanitazama, akasema, "Midomo imekukauka, baba. Umekunywa maji?" Hayo tu.

Wakarudi wote. Fundi akawasha mashine, tukapiga, na sauti ikatulia, tamu kweli. Mama alijibana, kanga mdomoni, mpaka tulipomaliza sauti ya mwisho. Hapo kikohozi kikamtoka, kikanaswa, na utepe ukawa umekwisha.

Masika ya pili yake akafariki. Sina hata picha yake. Siku redio ilipoupiga wimbo wetu, tarumbeta yangu sikuisikiliza. Nilingoja ule mwisho. Koh, koh. Mama yangu. Nililia, mwanangu, mbele za watu.

Kwa hiyo nakuomba, kazi yako ikianza kupendeza, usiwatoe nje waliokulea kwa kuogopa watakuaibisha. Wakalishe mbele, na vikohozi vyao. Mungu akupe masikio ya kuwasikia wangali hai, na kila ukumbi utakaouingia, aujaze watu wako.