Mchongaji Anayeitafuta Denmark kwa Simu ya Kuazima

Saa tatu asubuhi, siku ya Ijumaa. Sebuleni kwa Mzee Odero, mtaani Fedha, Nairobi, Mbithi Kyalo amepiga magoti kwenye zulia, miwani imemteremka hadi ncha ya pua. Mkononi ameshika kifaa cha kijivu kinachotoshea kwenye kiganja, na waya unatoka tumboni mwa kifaa hicho hadi kwenye tundu la simu ukutani. Anagusa kioo kwa kalamu ya plastiki, kwa tahadhari, kama mtu anayeonja uji wa moto.

Kifaa kinakaa kimya. Kisha kinajipigia namba chenyewe, kinakoroma, halafu kinaanza kupiga ukelele.

"Imeanza tena," asema Mama Ooko, mke wa Mzee Odero, akiwa mlangoni na mwiko mkononi. "Aki hii kitu inaumwa."

"Wacha iumwe, mama," Mbithi anamjibu bila kugeuka. "Ikinyamaza ndio mbaya."

Mbithi, mwenye umri wa miaka 54, ni mchongaji wa vinyago. Kwa zaidi ya miaka thelathini amewatoa twiga, vifaru na ndovu ndani ya magogo, na hakuna gogo lililowahi kumtisha. Kifaa hiki kinamtisha, na wala hafichi.

Vijana wa mjini hukiita oganaiza. Ni kompyuta ya mkononi ya kuwekea miadi na namba za watu, na ukiiunganisha na laini ya simu kwa modemu inaweza kupokea na kutuma barua pepe. Hivyo ndivyo alivyoelezwa.

"Nilielezwa nikaitikia," asema. "Kuelewa ni kitu ingine."

Aliyemweleza ni Birgit, mama mwenye duka la vinyago huko Denmark. Kwa miaka saba amekuwa akinunua kazi za kikundi cha Mbithi, wachongaji sita wenye banda lao Njiru. Zamani oda zilikuja kwa faksi, katika ofisi ya wakala mmoja mjini. Wakala akafunga ofisi. Mwezi Machi Birgit alipokuja kutembea, akamwachia Mbithi oganaiza yake ya zamani, pamoja na modemu na kitabu cha maelezo. Akamwekea ndani anwani ya barua pepe ya kikundi na neno la siri la kuifungulia, ambalo Mbithi akilitafuta huona alama za nyota tu. Akalipia huduma ya intaneti ya miezi sita, akapanda ndege.

Wiki mbili zilizopita Birgit alipiga simu kwa Mzee Odero na kumwachia Mbithi ujumbe usio na kona. Ijumaa hii angetuma oda ya Krismasi kwa barua pepe. Jibu limfikie siku hiyo hiyo kwa njia hiyo hiyo. Lisipofika, oda itaenda kwa wachongaji wengine, kwa maana amechoka kutafuta watu wasiopatikana.

Oda ya Krismasi ni karibu nusu ya mapato ya kikundi kwa mwaka mzima. Tangu watalii wapungue, kila mchongaji huenda nyumbani na shilingi elfu tatu hivi kwa mwezi, na wawili wameshaanza kuzungumza habari ya kurudi Machakos wakalime.

"Hii oda ikipotea, kikundi kimeisha," asema Mbithi. "Mimi ndiye mwenyekiti. Sitaki kuwa mwenyekiti wa banda tupu."

Njiru, pale banda lilipo, hakuna waya wa simu hata mmoja. Ndiyo maana Mbithi yuko Fedha. Yeye na Mzee Odero huimba besi katika kwaya moja kanisani, na Mzee Odero, karani mstaafu wa reli, ana simu mbili kwenye laini moja: ya sebuleni na ya chumbani. Ya sebuleni huitia kufuli ndogo, maana ndugu ni wengi na bili haina huruma. Ufunguo amempa Mbithi.

"Fundi amenichongea stuli nne ambazo wajukuu wameshindwa kuvunja," Mzee Odero aeleza. "Nitamnyimaje simu?"

Hata hivyo wema wa Mzee Odero haukuleta Denmark. Wiki nzima iliyopita Mbithi alikuja kila siku, akapiga magoti, akagusa kioo. Kifaa kililia, kikakata, kikaandika maneno ya Kiingereza ambayo Mzee Odero aliyasoma kwa sauti mara tatu bila yeyote kuambulia kitu. Walibadilisha betri. Walisogeza meza. Siku moja walizima redio, kwa dhana kwamba labda Denmark haitaki kelele.

Jambo la ajabu ni kwamba katikati ya ule ukelele, Mbithi alikuwa akisikia kitu kama sauti ya mwanamke, mbali sana, ikisema haloo.

"Nilidhani ni Birgit," asema. "Lakini Birgit hasemi haloo hivyo. Huyu alisema haloo ya mtu wa Bungoma."

Siku ya tano Mama Ooko alishindwa kuvumilia. Kwake simu ikilia hujibiwa, na anayelia ndani ya simu husalimiwa. Alienda chumbani, akainua mkono wa simu ya pili, na mlio ukakatika.

"Mama, tulia," sauti ya mwanamke ilimwambia. "Usilie. Sema pole pole, uko wapi?"

"Mimi silii," Mama Ooko akajibu. "Mimi ni Mama Ooko wa Fedha. Wewe ni nani?"

"Ni Nakhumicha, wa kupokea simu. Kama si wewe, basi nani analia hapo kwako kila siku?"

Mama Ooko akachungulia sebuleni, akamwona Mbithi kwenye zulia.

"Ni Baba Wavinya," akasema. "Lakini halii. Anatafuta Denmark."

Kisha Nakhumicha akamweleza, kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa, kwamba hapo alipo ni ghala la sabuni, Industrial Area, na kwamba tangu Jumatatu amekuwa akipigiwa na mtu anayepiga mayowe asiyetaka kutaja jina. Alikuwa amemwombea katika maombi ya asubuhi pale kazini. Alidhani ni mtu amefungiwa mahali.

Namba ya ghala la sabuni iliingiaje ndani ya oganaiza? Hapo ndipo mambo yalipokuwa kizungumkuti, na jana, Alhamisi, Mbithi alienda mjini katika ofisi ya wale waliouza huduma ya intaneti kutafuta jibu.

"Niaje, mzee," kijana wa kaunta alimpokea, akakichukua kifaa na kukikodolea macho. "Hii namba umetoa wapi?"

"Kwa kitabu."

"Kitabu gani?"

Mbithi akamfungulia kitabu cha maelezo. Ukurasani mlikuwa na picha ya kioo cha oganaiza, kila nafasi imejazwa: jina la mtumiaji, neno la siri, namba ya simu. Alikuwa amenakili kila herufi na kila tarakimu.

"Buda, hizo ni za kuonyesha tu," kijana akasema. "Unafaa uweke zako. Kwani wewe ni Smith?"

Tarakimu zenyewe zilikuwa saba, zile ambazo Wamarekani huziandika vitabuni kwa sababu kwao hazimfikii mtu yeyote. Nairobi simu ina tarakimu sita. Laini ilichukua sita za mwanzo, ya saba ikaanguka njiani, na sita hizo zina mwenyewe.

Usimcheke Mbithi haraka. Katika kazi yake, ukionyeshwa kitu ndicho hicho unachotakiwa kutoa, si pungufu wala ziada. Mwaka wa kwanza wa kufanya kazi na Birgit, mama huyo alimletea ndovu wa mfano ambaye pembe yake moja ilivunjika safarini. Mbithi akachonga ndovu thelathini, kila mmoja na pembe iliyovunjika mahali pale pale. Birgit alishika kichwa. Kisha akawauza wote, na tangu hapo hajawahi kumkagua tena.

"Sasa huyu kijana ananiambia kuna picha ya kufuata na picha ya kutofuata," Mbithi asema. "Nani amenionyesha tofauti?"

Kijana alimwekea namba ya kampuni yao, pamoja na jina na neno la siri la kuingilia intaneti. Kwa hiyo Ijumaa hii, sebuleni Fedha, ukelele unaenda mahali pengine.

Safari hii haukatiki. Unapanda, unashuka, unakuwa kama mvua juu ya mabati, kisha unazimika wenyewe. Mbithi anamtazama Mzee Odero. Mzee Odero anaitazama simu.

"Imekufa?" Mama Ooko anauliza.

Haijakufa. Kwenye kioo mstari mdogo unatembea. Barua moja imeingia. Mzee Odero anaisoma kwa Kiingereza cha reli, kizito na cha pole pole, na kuitafsiri: Birgit anataka twiga arobaini, shingo zimegeuka nyuma, wawe melini katikati ya Oktoba. Je, mko tayari? Nijibu leo.

"Twiga arobaini!" Mama Ooko anapiga vigelegele na mwiko ungali mkononi.

Kalamu ya plastiki inapotea kati ya vidole vya Mbithi, na kioo kinakubali herufi zikiandikwa tu kwa mwandiko wa kifaa chenyewe, ambao haufundishwi shule yoyote. Anaandika: *Ndiyo. Tuko tayari. Mbithi.* Anagusa pale alipoonyeshwa. Mstari mdogo unaanza kutembea tena.

Mara unasimama. Kutoka chumbani kunasikika sauti ya Mzee Odero.

"Halo? Halo? Fundi, huku mimi sisikii mtu!"

Alikuwa ameondoka kimya kimya na kuinua simu ya pili.

"Baba Ooko!" mkewe anamaka. "Umeshika simu ya nini?"

"Nilitaka tu kusikia kama amefika," mzee anajibu, na uso unamsawijika anapogundua alichofanya.

Mbithi anajaribu tena. Anatafuta barua yake mahali pa zilizotumwa, haimo. Anatafuta mahali pa zinazongoja kutumwa, haimo. Imeenda au imefutika? Mzee Odero hajui. Kitabu kinajua labda, lakini kitabu hakiaminiki tena katika nyumba hii. Kabla ya saa nne mvua inaanza kunyesha, na kama ilivyo desturi ya simu za Fedha mvua ikinyesha, laini inafifia, inakwaruza, na kufa kabisa.

Ijumaa inaisha hivyo. Jumamosi Mbithi anakwenda Muthurwa kwenye kibanda cha simu, anampigia Birgit, na kujibiwa na mashine kwa lugha ambayo hajapata kuisikia. Anaiambia mashine jina lake mara mbili. Kwenye saiba, duka la intaneti, wanamwambia barua yake wanaweza kuifungua, akiwapa tu neno la siri. Anawaambia ni nyota.

Jumatatu asubuhi laini ya Fedha bado imekufa, na bandani Njiru wachongaji watano wanamngoja mwenyekiti wao. Katikati ya banda yamelala magogo mawili ya muhugu, akiba ya mwisho. Kuna mteja anayetaka stuli kutoka humo. Stuli hutaka upana wa gogo. Twiga hutaka gogo lipasuliwe kwa urefu, na likishapasuliwa, habari ya stuli imekwisha.

"Ulimjibu yule mama?" anauliza Mzee Ndindi, mkubwa wao kwa umri.

"Niliandika."

"Sikuuliza kama uliandika."

Mbithi anaketi juu ya gogo. Inamuuma, na inaonekana.

"Sijui, mzee. Nikichonga najua tezo imefika wapi, naisikia kwa mkono. Hii nilisukuma tu. Sijui imefika wapi, sijui hata kama ilitoka."

"Tukingoja simu ipone, na kumbe jibu lilifika?"

"Tutakosa meli."

"Tukichonga, na kumbe halikufika?"

"Tutakuwa na twiga arobaini bila mwenyewe, na hatuna mti."

Mmoja wa wale wanaotaka kurudi Machakos anaokota kipande cha sandipepa, anakigeuza, anakiweka chini. Wote wanamtazama Mbithi, kwa kuwa yeye ndiye aliyepiga magoti wiki mbili kwa niaba yao, na hakuna mwingine wa kumtazama.

Mbithi anainuka. Anazunguka gogo la kwanza mara moja, anapapasa gome, anatafuta mkondo wa mti. Anaomba kabari. Mzee Ndindi anamtolea ile ya chuma, na baada ya kusita kidogo anaishika yeye mwenyewe mahali pake. Nyundo inashuka mara ya kwanza, ya pili, na kwa ya tatu muhugu unalia na kufunguka kwa urefu, mwekundu ndani, ukinukia utamu.

"Haya basi," asema Mzee Ndindi. "Shingo zigeuke upande gani?"

"Nyuma. Alisema nyuma."

Mpango wa Mbithi sasa ni kumaliza kabla ya meli. Laini ikipona, atapiga tena. Isipopona, atawafunga twiga wote kwa magazeti na kuwatuma kwa anwani ya duka, ile ya miaka yote, iliyoandikwa kwa rangi kwenye kila sanduku bandani.

"Kama jibu langu halikufika," asema, akivuta tezo, "twiga watafika."